Kabla ya Kufungua Paybill, Waulize Wazazi wa Pale



Vijana wetu wengi siku hizi wana hamu ya kuanzisha kikundi cha kujitolea cha kusaidia watoto wa shule katika nchi za mbali. Wengine wako Mombasa, Garissa na Eastleigh, wengine wako Minneapolis, London na Doha. Hamu hiyo ni nzuri, hatutaki kuizima. Lakini tuambiane ukweli. Jambo la kwanza ambalo wengi hulifanya ni kutafuta jina, kuchora nembo na kufungua paybill. Mtoto mwenyewe na mzazi wake hukumbukwa mwisho, siku ya kupiga picha.

Sisi tulipaswa kulijua hili zaidi ya wengine, kwa sababu tumekaa upande wa kupokea. Huku Pwani na Kaskazini Mashariki tumezoea kuona wageni wanakuja na penseli na peremende, wanapaka ukuta rangi, wanapiga picha na watoto, halafu hao, wanarudi kwao. Baada ya mwaka rangi imechujuka na shida za shule ni zile zile. Hakuna aliyemuuliza mwalimu anahitaji nini. Basi tusiende kuwafanyia wengine kile ambacho sisi wenyewe kinatuudhi.

Tuwaangalie waliotutangulia.

Mwaka 1992, wakati wa vita vya Bosnia, kijana mmoja wa Scotland aliyekuwa akifuga samaki, Magnus MacFarlane-Barrow, pamoja na ndugu yake Fergus, walikusanya blanketi, vyakula na dawa kwa majirani, wakapakia gari na kupeleka wenyewe. Walidhani ni safari moja tu. Waliporudi wakakuta banda la wazazi wao limejaa misaada mingine. Mwaka 2002, wakati wa njaa kali Malawi, Magnus alikutana na mvulana wa miaka 14 ambaye mama yake alikuwa anakufa kwa UKIMWI. Alipomuuliza anatamani nini maishani, kijana akajibu kwamba anataka chakula cha kutosha, na siku moja aende shule. Hapo ndipo ulipoanza mradi wa Mary's Meals: uji shuleni, kila siku ya masomo. Walianza na watoto 200. Leo ni zaidi ya milioni 2, katika nchi nyingi, hata hapa kwetu Turkana.

Kilichowafikisha huko si pesa peke yake. Kule Malawi uji huo ni wa mahindi na soya, unanunuliwa humo humo nchini, kwa hiyo mkulima wa pale anapata soko. Wanaopika ni wazazi, nyanya na majirani wa shule, kwa zamu, bila mshahara, tena wanaamka alfajiri kuwasha moto. Mzazi ambaye zamani alimtuma mtoto akatafute kibarua ili wale, sasa anamtuma shule kwa sababu chakula kiko huko. Mzungu akiondoka leo, sufuria ina mwenyewe. Huo ndio msaada uliosimama.

Malawi hiyo hiyo inatukumbusha mwingine. Mwaka 1981 daktari wa Kuwait, Abdulrahman Al-Sumait, alianza kazi ya misaada iliyokuja kujulikana kama Africa Muslims Agency, na baadaye Direct Aid. Shule na mayatima walikuwa sehemu kubwa ya kazi yake. Angeweza kukaa kwao akatuma hundi. Badala yake alitumia miaka mingi ya maisha yake akizunguka vijiji vya Afrika, mpaka alipofariki mwaka 2013. Somo lake ni jepesi: huwezi kumsaidia mtoto usiyejua njia anayopita kwenda shule.

Mwingine ni John Wood, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Microsoft. Mwaka 1998 alikuwa akitembea milima ya Nepal, akafika shule moja ambayo vitabu vyake vichache vilikuwa vimefungiwa kabatini. Vilikuwa vimeachwa na watalii, hadithi za watu wazima kwa lugha za kigeni. Mtoto wa pale angevifanyia nini? Shirika aliloshiriki kulianzisha, Room to Read, halikuishia kubeba vitabu vya Kiingereza kutoka Marekani. Lilianza kuchapisha vitabu vya watoto kwa lugha zao, vilivyoandikwa na watu wa huko. Na palipojengwa shule, wanakijiji nao walitakiwa kuchangia kitu: kiwanja, mawe au nguvu zao. Ukichangia kitu, unakilinda.

Sasa tuangalie upande wa pili, kwa sababu si kila safari inafika.

Greg Mortenson, Mmarekani pia, alipata sifa dunia nzima kwa kujenga shule Pakistan na Afghanistan kupitia Central Asia Institute. Kitabu chake kiliuzwa kwa mamilioni. Watoto wa shule Marekani walimchangia senti zao. Mwaka 2011 kipindi cha 60 Minutes kikaripoti kwamba baadhi ya shule zilizotajwa zilikutwa tupu, au zinatumika kwa mambo mengine. Mwaka 2012 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Montana akatoa ripoti: pesa za shirika zilikuwa zimetumika kwa mambo binafsi, hesabu hazikutunzwa, na bodi ilikuwa ya watu watatu, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao. Alikubali kulirudishia shirika zaidi ya dola milioni 1. Ripoti hiyo hiyo ilisema shirika linafaa kuokolewa, kwa sababu kuna kazi ya kweli iliyofanyika. Yaani mtu hahitaji kuwa mwizi tangu siku ya kwanza. Inatosha awe na nia njema na asiwe na wa kumuuliza.

Hapo ndipo sisi tunapojikwaa. Ukimuuliza mtu risiti, anakwambia, "Ndugu, hutuamini? Hii ni kazi ya Mungu." Jamani, ikiwa ni ya Mungu si ndio hesabu iwe safi zaidi? Amana haiandikwi kwenye kanzu, inaandikwa kwenye daftari.

Kuna jambo jingine linalotuhusu Wakenya Waislamu moja kwa moja. Mwaka 2015 mashirika ya MUHURI na Haki Africa yalifungiwa akaunti za benki kwa madai ya ugaidi. Yalikwenda mahakamani, na kabla ya mwaka kuisha Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru akaunti zifunguliwe. Hayo ni mashirika yenye ofisi, mawakili na makaratasi. Wewe unayekusanya pesa kwenye laini yako ya simu na kutuma nchi ya nje kwa jina la rafiki, siku ukiulizwa utaonyesha nini? Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilianza kutumika Mei 2024. Isomeni na mjisajili. Tunapigania haki ya kutoshukiwa bure, lakini tusimpe mtu sababu ya kutushuku.

Kwa hivyo ukitaka kuanza, anza hivi. Chagua shule moja, si nchi nzima. Kabla hujachangisha hata shilingi, zungumza na mwalimu mkuu na wazazi wa pale, uulize ni nini kinachowatoa watoto shuleni. Unaweza kudhani ni vitabu, kumbe ni maji, au choo cha wasichana, au njaa ya saa nne asubuhi. Waulize pia wao wataleta nini. Weka bodi ya watu wanaoweza kukukatalia, isiwe ya binamu na marafiki watupu. Kila muhula toa hesabu hadharani: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Na usiweke uso wa mtoto mtandaoni akiwa analia au amevaa matambara. Wewe ungekubali mwanao awekwe hivyo?

Mwisho, hesabuni miaka kabla ya pesa. Mtoto anayeanza darasa la kwanza leo anahitaji mtu atakayekuwepo mpaka amalize. Ukimlipia mwaka mmoja ukachoka, umemrudisha pale pale, na sasa anajua kilichompita. Afadhali watoto 10 kwa miaka 8 kuliko 500 kwa picha moja.

Wabillahi tawfiq.