Kabla Hujanunua Miwani, Uliza Tundu la Simu Yako

Bumu la muhula uliopita lilipotoka nilifanya jambo ambalo dada yangu hajalijua mpaka leo. Nilichukua laki nne na nusu, zikiwemo za kula, zikiwemo na zile alizoniongezea yeye kwa ajili ya "kifaa cha masomo", nikanunua miwani.

Siyo ya macho. Ni ile ambayo ukiivaa unaona kioo kikubwa kimening'inia mbele yako, ile wanayoiita miwani ya AR. Muuzaji alikuwa ameweka meza karibu na kantini, kama wanavyofanya kila bumu likitoka. Akanivalisha, akachomeka waya kwenye simu yake, na hapo hapo nikaona mpira. Aisee! Uwanja mzima uko mbele ya uso wangu, na mimi nimesimama juani na chapati mkononi. Nikauliza bei. Nikauliza kama inapungua. Swali lenye maana sikuuliza hata moja.

Jioni nikapanda kitanda cha juu, nikachomeka waya kwenye simu yangu. Giza. Nikageuza waya. Giza. Nikazima simu na kuiwasha. Mwenzangu wa kitanda cha chini akasema, "Kaka, labda haijajaa chaji." Tukatafuta pa kuichajia dakika kumi nzima, hatukupaona. Baadaye ndiyo nikajua kwamba haina betri kabisa.

Naandika haya kwa sababu tangu siku ile nimeshakutana na wenzangu wanne hapa chuoni walioingia kwenye shimo hilo hilo, na wawili wamekwisha uza miwani yao kwa hasara wakiamini ni mbovu. Haikuwa mbovu. Walichouziwa ni kipande kimoja cha kitu chenye vipande vitatu.

Nieleze kidogo, maana hata sisi wa kozi za kompyuta wengi hatulijui hili. Miwani ya aina hii, iwe ni Xreal, Viture au Rokid, ni kioo tu. Ndani yake kuna vioo viwili vidogo sana, kimoja kwa kila jicho, mara nyingi vya nukta 1920 kwa 1080, vimefichwa sehemu ya juu ya fremu, na kipande cha kioo kinachorudisha picha machoni. Basi. Hakuna kompyuta, hakuna betri, hakuna mahali pa kuwekea muvi. Ndiyo maana ni myepesi. Nreal Air, iliyokuja kuitwa Xreal Air kampuni ilipobadili jina mwaka 2023, ina gramu kama 79 tu. Picha na umeme vyote vinapita kwenye waya mmoja kutoka kwenye simu au kompyuta yako.

Na hapo ndipo penye tatizo. Ili picha ipite, tundu la Type-C la simu lazima liwe na uwezo wa kutoa video, utaratibu unaoitwa DisplayPort, ambao kwa Type-C upo tangu mwaka 2014. Kuna tundu linalopitisha chaji na mafaili tu, na kuna tundu linalopitisha chaji, mafaili na picha. Kwa nje yanafanana kama mapacha. Samsung za daraja la juu zinatoa picha tangu S8 ya mwaka 2017. iPhone 15 ya mwaka 2023, ya kwanza kuwa na Type-C, inatoa. Lakini simu nyingi za bei ya chini na ya kati, hizi ambazo darasa zima tumeshika, hazitoi. Kampuni inabana gharama kwenye sehemu ambayo mnunuzi haioni, na programu utakayopakua usiku kucha kwa bando lako haitaleta kitu ambacho hakikuwekwa kiwandani. Kuna mtu ataniambia mbona Pixel 8 ilipewa uwezo huo kwa sasisho mwaka 2024. Kweli, lakini ile ilikuwa na vitu vyake tayari ndani, ilikuwa imefungwa tu. Yangu haina cha kufunguliwa.

Muuzaji alijua? Naamini alijua. Simu aliyoonyeshea ilikuwa ya daraja la juu, na nilipomwambia yangu ni aina gani akanijibu, "Si ina Type-C? Inakubali." Hakusema uongo kwa asilimia mia. Waya uliingia.

Sasa anza kuhesabu mkia wa miwani. Nilijiambia simu ikikataa, kompyuta yangu haitakataa. Kompyuta yenyewe ni kama zenu, ile ya mtumba iliyotoka ofisini kwa watu, yenye tundu la HDMI na isiyo na Type-C. Nikaenda Kariakoo nikanunua adapta yenye HDMI upande mmoja na Type-C upande wa pili, elfu 25. Nimerudi, giza. Kumbe adapta hizi zina njia moja, kama barabara za katikati ya mji. Iliyojaa madukani inachukua picha kutoka Type-C kwenda HDMI, yaani kutoka kompyuta mpya kwenda kwenye runinga. Mimi nilitaka ya kurudi, kutoka HDMI kwenda Type-C. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, na kijana wa dukani naye hakuwahi kuulizwa swali hilo. Ya kurudi niliipata baada ya wiki mbili kwa elfu 70.

Nikachomeka, bado kimya. Tundu la HDMI halitoi umeme wa kuwasha miwani, kwa hiyo adapta ya namna hii inataka kulishwa pembeni. Nikachomeka pawabenki kwenye kitundu chake cha tatu, na hatimaye, saa nne usiku, mpira ukarudi. Kitandani nilikuwa na kompyuta, waya wa HDMI, adapta, pawabenki, waya wa pawabenki, waya wa miwani na miwani yenyewe usoni. Mwenzangu akasema nafanana na mgonjwa wa ICU.

Wenye simu zinazotoa picha nao wasinicheke sana. Simu inalisha miwani na kujilisha yenyewe, chaji inashuka huku unaiangalia, na tundu la kuchajia ndilo hilo hilo lenye waya wa miwani. Hapo unahitaji adapta nyingine, yenye matundu mawili, moja la chaja na moja la miwani. Ukinunua bila kuuliza unaweza kuishia na ile ya spika na chaji, ambayo picha haipiti. Mchana utataka kile kifuniko cheusi cha mbele, maana bila hicho mwanga unaifuta picha na utakuwa unaangalia muvi yenye dirisha la bweni katikati. Spika za miwani ziko wazi karibu na sikio, kwa hiyo chumba kizima kinakusikiliza, basi ongeza na ya masikioni. Mwenye macho yasiyoona mbali, Viture na Rokid zina aina zenye kitufe cha kurekebisha. Nyingine zinataka lenzi za kuchongewa.

Zipo pia boksi maalumu za kushika mkononi. Xreal walitoa Beam mwaka 2023, na mwaka 2024 wakatoa Beam Pro kwa dola 199, ambayo kwa kweli ni kama simu ya Android iliyotengenezwa kwa ajili ya miwani, yenye matundu mawili ya Type-C ili uchaji huku unaangalia. Dola 199! Muuzaji mkweli angeniwekea bei hiyo mezani pembeni ya miwani, halafu aniache nifikirie. Hizi boksi zinaweza pia kupokea picha hewani kutoka kwenye simu isiyotoa video, na kwa muvi haina shida. Kwa gemu sahau. Picha inachelewa kidogo, na kwenye mpira kidogo hicho ndicho goli. Anayetaka gemu anahitaji waya, na anahitaji pedi ya bluetooth (pedi ya gemu, msicheke), kwa sababu kubonyeza kioo cha simu usichokitazama ni kazi ya kipofu. Ya Nintendo Switch na Steam Deck sitayaongelea. Wenye navyo hapa chuoni tunawajua kwa majina, na hawakai hosteli.

Najua kuna wazee wanaosoma gazeti hili, na kuna walimu. Wataniuliza kwa nini mtoto wa mkopo alinunua mdoli badala ya chakula. Nakubali nusu. Ile wiki ya tatu niliyokula maandazi na chai ya kukopa nilikuwa na muda mrefu wa kujihukumu. Nusu nyingine siikubali. Chumba chetu kina vitanda vinne na tunalala sita, kwa sababu ya kubebana, na hilo kila mtu analijua mpaka mlinzi. Katika chumba hicho hakuna kona hata moja ambayo ni yako. Ukifungua kompyuta, wote wanaangalia unachoangalia, au wote wanalalamika kuhusu mwanga. Mwanafunzi anayetaka saa moja ya kuwa peke yake usiku, na kioo ambacho hakimwamshi mtu, hatafuti anasa. (Siku ya Simba na Yanga miwani inabaki kwenye begi. Ile ni ya banda umiza, na jasho la watu ni sehemu ya kiingilio.)

Halafu kuna hili, ambalo ndilo lililonifanya nisiiuze. Mwezi uliopita dada mmoja wa mwaka wa tatu, ghorofa ya chini, alikalia kompyuta yake kioo kikapasuka, siku tisa kabla ya kukabidhi ripoti ya mafunzo kwa vitendo. Fundi alimtajia bei ya kubadili kioo ambayo hakuwa nayo. Kompyuta yenyewe ilikuwa nzima, HDMI ilikuwa inafanya kazi. Nikampelekea furushi langu lote, adapta, nyaya na pawabenki. Aliandika kurasa zake 40 akiwa amevaa miwani, kichwa kimeinuka, vidole vinaandika bila yeye kuangalia chini. Alisema maandishi madogo yanachosha macho, kwa hiyo akawa anakuza herufi na kupumzika kila baada ya nusu saa. Alikabidhi siku ya mwisho saa tisa mchana. Kwa hiyo, dada yangu, kama gazeti hili litakufikia, kilikuwa kifaa cha masomo. Siyo masomo yangu, lakini ni masomo.

Kilichomwokoa yule dada hakikuwa miwani peke yake. Zipo nyingine tatu kwenye ghorofa yetu, zote ziko kwenye droo, giza. Kilichomwokoa ni adapta ya elfu 70 yenye njia sahihi. Kwenye biashara hii kitu kidogo kisichopendeza ndicho chenye thamani, na ndicho ambacho muuzaji hakionyeshi mezani kwa sababu hakimvalishi mtu uwanja wa mpira usoni.

Ndiyo maana nina ombi kwa viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi. Wale wenye meza pale kantini hawaji kwa bahati mbaya. Wanaomba ruhusa, na ruhusa hiyo inapitia kwenu. Sijui wanalipa nini na sitaki kujua leo. Ninachoomba ni kwamba ruhusa iwe na sharti moja dogo. Anayeuza kifaa chochote cha kuchomeka kwenye simu aandike kwa Kiswahili, kwenye karatasi, kinafanya kazi na simu zipi na hakifanyi na zipi, kinahitaji nini kingine na hicho kingine ni bei gani, na akubali mnunuzi ajaribu kwa simu yake mwenyewe kabla ya kutoa hela. Kwa simu ya mnunuzi, nasisitiza. Jaribio hilo linachukua dakika moja. Mimi lingeniokolea wiki tano.

Mtu mmoja kwenye kamati aliniambia mdomoni kwamba kazi ya chama siyo kuwafundisha watu kununua. Sawa. Lakini bumu ni lile lile, tarehe yake mnaitangaza ninyi, na siku hiyo hiyo meza zinapangwa. Mkiweza kuwaambia wauza chipsi waosheje vyombo, hili nalo mnaliweza.

Wakati tunasubiri, furushi langu liko chumbani na linaazimishwa, ukirudisha na nyaya zote. Tumeshaanza kuchanga watu wanne kwa ajili ya ile adapta ya matundu mawili, kwa sababu hakuna ulazima wa kila mtu kuwa na mkia wake. Na bumu linalofuata likitoka nitakuwepo pale kantini mapema, pembeni ya meza, na miwani yangu na waya wake. Kabla hujahesabu noti, njoo na simu yako tuichomeke.