USILAUMU BAISKELI KABLA YA KUPIMA SHOKI

Wahenga walilonga kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi kitanda nilikilalia miezi minne mizima, kunguni wakaniuma kila siku, na bado nikadhani ndivyo vitanda vyote vilivyo. Kitanda chenyewe ni baiskeli ya milimani yenye shoki kwenye foki ya mbele. Aliniachia mjomba alipohamishwa kikazi.

Mjomba ni pande la mtu, kilo 95 na ushei. Mimi nina kilo 56. Foki ile hutumia upepo badala ya springi, na upepo uliokuwamo ulikuwa wa mjomba. Sikugusa kitu. Nikishuka barabara ya murram kuelekea Limuru, mikono ilikufa ganzi hadi viwikoni. Wenzangu shuleni waliibonyeza ile foki, ikakataa kubonyea, wakashangilia, "Hii ndiyo shoki ya wanaume!" Nami nikavimba kichwa, jamani.

Aliyelipia kiburi hicho si mimi. Likizo ya Aprili, mama alimtuma mdogo wangu dukani akanunue unga. Ana kilo 41. Akaniomba baiskeli, nikamwambia achukue, wala sikuinua macho kutoka kitabuni. Kwenye mteremko uliopo kati ya mashamba ya majani chai, gurudumu la mbele liligonga jiwe likaruka juu, naye akatupwa mtaroni. Mfupa wa mtulinga ukavunjika. Kofia ya kujikinga hakuwa nayo. Hilo nalo ni kosa letu.

Baba alisema ni mbio. Jirani yetu mmoja alisema baiskeli za siku hizi ni mapambo matupu, na kwamba Black Mamba ya marehemu babu haikuwahi kumwangusha mtu. Mama aliniambia maneno machache tu: "Wewe ndiwe mkubwa. Baiskeli ilikuwa yako."

Jioni ile niliikagua. Kwenye paipu ya foki inayong'aa kuna kipira chembamba cha mviringo. Foki ikizama, kipira husukumwa juu. Ikirudi, kipira hubaki pale pale kuonyesha ilikozama. Foki yetu inaweza kuzama milimita 100. Nilichukua rula ya hesabu nikapima: 22. Mtoto alikuwa amegonga jiwe hadi akavunjika mfupa, na shoki ilikuwa imefanya kazi yake kwa kiasi cha moja kwa tano hivi!

Hapo ndipo nilipopata msimamo ninaouandika leo. Shoki isiyopimwa ni hatari kuliko kutokuwa na shoki kabisa. Anayeendesha Black Mamba anajua hana shoki ila magoti na viwiko vyake, kwa hivyo hujihadhari. Mwenye foki ya shoki huamini kwamba itambeba, kumbe amekalia gogo. Kwa jirani yetu nasema hivi: si mapambo. Mwaka wa 1990 huko Durango, Marekani, Ned Overend alishinda mbio za nyika na Greg Herbold akashinda mbio za mteremko katika mashindano ya dunia ya baiskeli za milimani, na wote wawili walikuwa na foki za RockShox zilizozama sentimita 5 hivi tu. Lakini foki zao zilikuwa zimetayarishwa kwa ajili yao.

Kutayarisha kwenyewe hakuhitaji shahada ya chuo kikuu. Vaa unavyovaa ukiendesha, begi la vitabu likiwemo. Mwenzako aishike baiskeli, nawe usimame juu ya pedali kama unayeshuka mlima. Bonyeza foki mara kadhaa, tulia, sukuma kipira hadi chini, kisha ushuke polepole bila kuitikisa. Kwa foki ya milimita 100, kipira kikiwa kwenye 20 hivi, uko sawa. Penye mawe mengi waweza kufika 25. Kikiwa kwenye 8, punguza upepo. Mdogo wangu alihitaji paundi 55, ilhali mjomba alikuwa ameacha 120! (Nambari hizo ni za foki yetu; yako itakuwa na zake.) Tumia pampu ndogo ya shoki, ile ya kusokotwa kwenye valvu na yenye saa ya presha. Kompresa ya petroli stesheni usiisogelee, kwa maana nafasi ya upepo ndani ya foki ni ndogo mno.

Wengi huishia hapo, na hilo ni kosa. Upepo ukipungua, nguvu ya foki kurudi juu hupungua pia, kwa hivyo lazima ulegeze kile kitufe cha chini ya mguu wa foki kinachotawala kasi ya kurudi. Kisipolegezwa, foki huzama kwa jiwe la kwanza, na kabla haijarudi, jiwe la pili limefika. Ukikilegeza kupita kiasi nayo hukurushia usukani usoni. Mwalimu wetu wa Fizikia alilicheka sana swali langu, kisha akalifanya somo zima.

Na foki mpya je? Rafiki yangu wa kidato cha tatu alinunuliwa moja mwaka huu. Siku ya kwanza akaiona ngumu, akatoa upepo hadi ikamridhisha. Baada ya wiki tatu ikawa inagonga mwisho kwenye kila tuta. Sisi tunaoishi karibu na kiwanda cha viatu tungepaswa kujua: kiatu kipya hubana. Sili na bushi mpya hushikilia paipu, zikalainika baada ya saa 10 hadi 20 za kuendesha. Pima siku ya kwanza, endesha kwa subira, pima tena. Na ukiosha baiskeli, usielekeze mpira wa maji kwenye sili. Kitambaa safi kinatosha.

Nasikia kuna pendekezo kwamba wanafunzi wakatazwe kuazimana baiskeli. Mimi napinga. Tuazimane, lakini anayeazima asimame kwanza juu ya pedali, kipira kisomwe, upepo ubadilishwe. Chama chetu kina pesa za kununua pampu moja, ikakaa kwa bawabu pale tunapoegesha.

Mtulinga wa mdogo wangu umepona. Jumamosi iliyopita alishuka mteremko ule ule, kofia kichwani, nami nikimngoja chini na rula. Kipira kilikuwa kwenye 74. Akaniuliza, "Kaka, hiyo ni nzuri?" Nikamwambia arudie, nipime tena.