Atazikwa na Nani?

Mtu akifa Likasi, kabla turubai halijafungwa mbele ya nyumba na kabla jeneza halijaulizwa bei, kuna swali linalotangulia: alikuwa wa chama gani? Jibu lake ndilo huamua nani atalala nje usiku wa kilio, nani ataleta unga wa bukari, na nani atatafuta gari la kwenda makaburini. Vyama hivyo hujulikana kwa jina la Kifaransa, mutuelle, na vingi vimejengwa juu ya asili. Watu waliotoka eneo moja au wenye kabila moja hukutana, huchanga, na huandikana katika daftari. Kando ya vyama hivyo kuna likelemba, michango ya zamu, za wanawake wa soko na vikundi vya parokia.

Siku hizi kuna ubishi juu ya vyama vya asili. Wapo wanaotaka vivunjwe, kwa kuwa vinapanda ukabila. Wapo wanaovitetea kama mama mzazi, kwa kuwa serikali haijawahi kumzika mtu wao hata mmoja. Mimi sitaki vivunjwe. Ninachokipinga ni mazoea ya kumpima ndugu kwa mahali alipozaliwa babu yake, kisha mfuko wa kilio kugeuzwa ngazi ya kupandia kazi na vyeo. Likasi ina sababu zake za kuliogopa jambo hilo, na sababu hizo zimo katika historia yake yenyewe.

Mji huu wa Katanga, Kongo, ulijengwa na shaba. Kuanzia 1931 hadi 1966 uliitwa Jadotville, jina la bwana mkubwa wa Ubelgiji aliyeiongoza Union Minière. Kampuni ilileta watu kutoka Luapula, Kasai, Lomami, hata Rwanda, ikawaweka katika kambi kama za Panda na Shituru. Kijana aliyeshuka kwenye treni hakuwa na mjomba wala shangazi, akalazimika kujitafutia ndugu. Wengine walikuja na Butwa, ushirika wa kale wa nchi za Luapula na ziwa Mweru, uliokuwa na nyumba zake, unyago wake na siri zake, na uliopokea wanaume kwa wanawake. Wengine waliingia mbeni, ngoma iliyozaliwa pwani ya Waswahili, ikapanda bara na askari na vibarua, ikiwa na vyeo vyake vya mfalme na gavana. Mkoloni alivitazama vyote kwa shaka. Wazungu nao walikuwa na loji zao za Kimasoni, ambamo Mwafrika hakukaribishwa, na labda ndiyo maana mpaka leo ukitaja undugu wenye mlango uliofungwa watu hunong'ona habari za uchawi na utajiri wa damu.

Mlango uliofungwa, kwa maoni yangu, si kosa. Kila undugu una mlango, maana asiyejua nani yumo hajui atamlilia nani. La kuuliza ni ufunguo wake.

Hapa ndipo Jamaa, undugu wa Wakatoliki wa kambini, inapostahili kukumbukwa. Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyefika Kongo mwaka 1933 na kuandika kitabu mashuhuri juu ya falsafa ya Wabantu, aliianzisha Kolwezi mwanzoni mwa miaka ya 1950, pamoja na wafanyakazi wa migodi na wake zao. Kutoka huko ilienea katika miji mingine ya shaba. Mafundisho yalitolewa kwa Kiswahili hiki hiki cha kambini, na yalisimama juu ya maneno matatu: uzima, uzazi na mapendo. Mtu hakuingia peke yake. Mume na mke waliingia pamoja. Walipita njia ya kwanza, ya pili na ya tatu, wakiongozwa na baba na mama waliowatangulia, na mafumbo ya njia hizo hayakusimuliwa ovyo barabarani. Kwa hiyo Jamaa ilikuwa na mlango, tena mzito. Lakini ufunguo haukuwa kabila. Mluba wa Kasai aliweza kumzaa kiroho Mbemba, na Mbemba akamwita baba bila kuona haya. Katika kambi ambamo kampuni iliwahesabu watu kwa namba, neno hilo, baba, lilikuwa na uzito mkubwa.

Tempels alirudi kwao mwaka 1962. Baadaye maaskofu waliingiwa na wasiwasi, baadhi ya vikundi vilijitenga na vikapita njia zao, na sifichi kwamba siri ilichangia mgogoro huo. Hata hivyo, sijui mfano mwingine katika miji yetu ya migodi uliodhihirisha waziwazi namna hii kwamba watu wasio wa ukoo mmoja wanaweza kujiwekea wenyewe miiko ya kaka na dada, na kuishi kwayo.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 undugu mwingine ulikuwa ukikua, nao ulikwenda upande wa pili. Vyama vya asili vilivyoanza kwa mazishi na karamu viliingia siasa. Desemba 1957 uchaguzi wa komini ulifanyika Léopoldville, Elisabethville na Jadotville, na huko Elisabethville watu wenye asili ya nje ya Katanga walipata viti vingi vya umeya wa komini. Mwaka uliofuata ilizaliwa Conakat, iliyounganisha vyama vya waliojiita Wakatanga halisi. Tangu hapo daftari la mchango likaweza kusomwa kama orodha ya wapiga kura, na jirani akaweza kuitwa mgeni.

Mwaka 1992 Likasi ilivuna. Agosti, baada ya mkutano mkuu wa taifa kumchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu badala ya Nguz a Karl-i-Bond wa Katanga, watu wenye asili ya Kasai walianza kufukuzwa nyumbani mwao. Gavana Kyungu wa Kumwanza na vijana wa chama cha UFERI walikuwa wamekwisha kuwatangaza kuwa wageni, na neno bilulu, wadudu, lilitamkwa mchana kweupe. Makumi ya maelfu walikusanyika kwenye stesheni ya reli na mashuleni, wakingoja treni za kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Wengi walifia hapo hapo, watoto kwanza. Walikuwa watu waliozaliwa Panda, waliosomea Kikula, waliowazika wazazi wao katika ardhi hii. Wapo majirani waliowaficha, na siku moja mji unapaswa kuwataja kwa heshima. Vyama vya mazishi havikutoa amri ya kufukuza. Ila lugha ya mwenye nchi na mgeni ilikuwa imekwisha kuzoeleka masikioni, na sehemu ya mazoea hayo ililelewa katika mikutano ya ndugu wa asili moja.

Najua jibu la watetezi, na ni jibu zito. Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi Union Minière na iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilianguka ndani ya muda mfupi. Mwaka 2003 na ule uliofuata wafanyakazi wapatao 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari, na pamoja na kazi wakapoteza hospitali, shule na posho. Nani aliyewashika mkono? Mara nyingi ni chama cha asili. Mjane aliyelipiwa jeneza hawezi kuambiwa kwamba waliomlipia ni wakabila. Nami simwambii hivyo.

Namuuliza swali jingine. Alipolia usiku wa kwanza, nani alifika wa kwanza? Katika mitaa ya Likasi huwa ni mama wa ng'ambo ya barabara, mwenye lugha nyingine ya nyumbani, aliyekuja na ndoo ya maji na mkeka. Yeye hayumo katika daftari. Akifiwa yeye, atalazimika kuwatafuta watu wa asili yake, hata kama wanakaa mbali na hawajui jina la mtoto wake.

Kwa hiyo ninaviomba vyama mambo mawili. Viache kupeleka kwa gavana na kwa wakubwa wa makampuni ya migodi orodha za vijana wetu wa kuajiriwa. Kazi ya kutafutia watu ajira kwa asili yao haina tofauti na kuwanyima wengine. Na viweke katika kanuni zao kwamba mkazi wa mtaa aliyechanga mwaka mzima, awe ametoka Kasenga, Bukama au Kananga, anazikwa na chama sawa na mwanachama mwingine. Lugha, ngoma na hadithi za asili zibaki, watoto wanazihitaji. Mfuko wa kilio uwe wa mtaa.

Watasema haiwezekani, kwamba wanachama watakataa. Basi mkutano wa Jumapili ijayo usianze na ripoti ya mweka hazina. Uanze kwa kumwita yule mama wa ndoo ya maji, akae kwenye kiti cha mbele, halafu yeyote anayekataa amwambie yeye mwenyewe.