Chupa nyuma ya sahani za Idi

Shangazi yangu alirudi kutoka hospitali na dawa za aina nne. Tatu zilipangwa juu ya meza karibu na kitanda chake. Ya nne, chupa ya plastiki yenye karatasi iliyoandikwa "mofini", haikuonekana tena. Kwa usiku kumi na mmoja alilala ameukumbatia mto, akiuma pindo la kanga ili wajukuu wasimsikie. Siku ya kumi na mbili akaja muuguzi anayetembelea wagonjwa majumbani, naye aliuliza swali moja tu: chupa imebakia kiasi gani? Hapo mwanawe mkubwa akainuka, akafungua kabati, akaitoa nyuma ya sahani tunazozitumia siku za Idi. Ilikuwa imejaa.

Simlaumu binamu yangu. Jirani mmoja alimwambia kuwa mgonjwa akishapewa dawa ile, ndiyo buriani. Mwingine, naye ni mtu wa safu ya mbele msikitini, alimwambia kuwa ni kilevi, na haifai mama yake afikwe na mauti ilhali kilevi kimo mwilini. Mtoto anayempenda mama yake angefanya nini baina ya maneno mawili kama hayo? Alificha. Pengine angeuliza, lakini siku ya kuruhusiwa foleni ilikuwa ndefu nje ya mlango wa daktari, na maelezo yalikwisha kabla hayajaeleweka.

Ndugu msomaji, huduma aliyokuwa ameandikiwa shangazi huitwa hapa kwetu tiba shufaa. Wapo walionikosoa kila nilipolitaja jina hili, wakasema kuwa shufaa ni uombezi na kilichokusudiwa ni shifaa, yaani ponyo. Wana hoja yao. Lakini jina limekwisha kuota mizizi hospitalini, nami sioni ubaya wake sana: mgonjwa aliyezidiwa anahitaji mtu wa kumsemea. Kazi ya tiba hii ni kumwondolea mgonjwa mwenye maradhi mazito maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi na kukosa usingizi, na kuitazama pia hofu yake, deni lake, ibada yake na watu wake wanaomuuguza. Huenda sambamba na matibabu ya kuponya, na huanza mapema, tangu maradhi yanapogunduliwa. Kuingoja mpaka juma la mwisho ni kumdhulumu mgonjwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watu wapatao milioni 56.8 huihitaji huduma hii, na wanaoipata ni kama 14 tu katika kila 100. Mwaka 2014 Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuzitaka nchi zote ziingize tiba shufaa katika mifumo yao ya afya. Tume ya jarida la Lancet, katika ripoti yake ya mwaka 2017, ilionyesha kuwa katika takriban tani 299 za dawa za jamii ya mofini zilizogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini zaidi zilipata sehemu moja ya kumi ya tani moja. Na mofini ya kunywa si dawa ghali. Ni unga unaochanganywa na maji safi na kihifadhi kidogo. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, imekuwa ikiitengeneza kwa miaka mingi. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu aliyefundishwa kuiandika, kituo kilichoruhusiwa kuiweka, na nyumba isiyoiogopa.

Katika hili la hofu, mimi si mufti, wala sitaki kuvaa kilemba kisicho changu. Nilimpelekea suala hili sheikh wetu wa mtaa, naye alinijibu kwa utulivu. Muumini husubiri, akasema, na maradhi humfutia madhambi, lakini Mtume (s.a.w.) huyohuyo aliyetufundisha hayo ametuamuru tujitibu. Subira haikuwekwa iwe kizuizi cha dawa. Ama kilevi, kilichoharamishwa ni kuitafuta starehe ya kupoteza akili. Dawa iliyopimwa na mtaalamu ili kumwondolea mtu madhara ni jambo jingine, na wanazuoni wengi wa zama hizi wameliruhusu. Kisha akaniuliza: huyo mgonjwa wenu, katika maumivu hayo, aliswali vipi? Sikuwa na jawabu. Hakuwa akiswali. Alikuwa akilia.

Baada ya dozi za siku mbili aliomba mchanga wa kutayamamu. Aliswali kwa ishara, amelala, akipitiwa na usingizi baina ya rakaa, kisha akirudi. Usingizi huo wa siku za mwanzo ni wa kawaida na hupungua mwili unapozoea. Kinachobaki ni kufunga choo, na kwa hiyo dawa ya kulainisha choo hutolewa pamoja na mofini tangu siku ya kwanza. Familia isiyoambiwa hili huiacha dawa kwa kudhani imemdhuru mgonjwa wao. Mofini ya kunywa hudumu mwilini kwa muda wa saa nne hivi. Hunywewa kwa saa, mchana na usiku, bila kungoja maumivu yaje ndipo yakimbizwe. Haiongezwi wala kukatishwa ghafla bila mtaalamu kujua, hagawiwi mgonjwa mwingine, na hufungiwa mbali na watoto. Mjukuu wake wa darasa la sita ndiye aliyeshika daftari la saa, na alilishika kuliko alivyowahi kulishika daftari lolote la shule.

Ramadhani ilipoingia shangazi alitaka kufunga. Ilibidi kaka yake mkubwa aje kutoka Pangani kumwambia, mbele yetu sote, kuwa ruhusa ya mgonjwa ni sadaka itokayo kwa Mola wake na hapaswi kuirudisha. Alikubali kwa shingo upande.

Nimesema habari za mtu mzima kwa sababu ndizo nilizoziona kwa karibu. Lakini tunakosea tunapodhani kuwa jambo hili ni la wazee na saratani. Mzee aliyepooza kwa kiharusi, mama ambaye moyo wake umedhoofu hata hawezi kulala bila mito mitatu, kijana ambaye figo zimekufa, wote wamo. Na watoto wamo zaidi ya tunavyofikiri. Katika watoto wanaoihitaji huduma hii duniani, Shirika la Afya linasema 98 katika 100 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, karibu nusu yao Afrika. Nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu, na atakayemuuliza mama wa mtoto wa selimundu atasimuliwa usiku ambao mtoto hushika mifupa ya miguu na kupiga mayowe. Mtaani kwetu yupo mmoja wa miaka tisa. Mwalimu wake alimwita mdekaji. Mtoto hudhaniwa hana maumivu kwa sababu hajui kuyapima kwa maneno, na hali mbinu ipo: huonyeshwa karatasi yenye nyuso, kutoka uso unaocheka hadi uso unaolia, akaelekeza kidole kwenye ulio wake. Yule wa mtaani kwetu alielekeza uso wa mwisho, kisha akamtazama mama yake kuona kama amekosea.

Jirani zetu wa Uganda wametutangulia kwa hatua moja ninayoipenda. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha huko Hospice Africa Uganda, na mwaka 2004 sheria ikaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini, bila kumngoja daktari ambaye wilaya nzima huenda haina. Serikali yao huitoa dawa hiyo bure. Si kwamba kila mgonjwa wa Uganda anafikiwa. Lakini muuguzi aliyepanda pikipiki kuelekea kijijini anaweza kufika na kitu mkononi.

Sisi huku, kila chupa ya shangazi ilipokwisha, mtu alipaswa kusafiri alfajiri na kurudi usiku. Nauli ilitolewa na binamu yuleyule aliyeificha ya kwanza. Na hapa naomba radhi kwa ukali. Shangazi alipofariki, michango ya khitma ilikamilika kwa siku moja: mchele, mbuzi wawili, mahema. Miezi saba aliyokuwa hai na chupa yake hapakupita daftari la mchango kwa ajili ya nauli hata mara moja, na mimi mwenyewe sikulianzisha. Msikiti wenye mfuko wa sanda unaweza kuwa na mfuko wa nauli ya mgonjwa. Kina mama wa darsa ya Alhamisi wanaweza kugawana zamu za usiku, ili anayeuguza alale hata saa tano.

Katika miezi hiyo saba alihudhuria ndoa ya mjukuu wake akiwa kitini, akalipa deni la kitambaa alilokuwa akilidaiwa tangu mwaka uliotangulia, akagombana na dada yake na kupatana naye. Siku ya tatu baada ya maziko niliirudisha chupa ya mwisho hospitalini, kwa kuwa inayobaki hurudishwa. Mfamasia aliipima, akaandika kiasi katika kitabu chake, nami nikatia sahihi. Kisha akaniomba lile daftari la saa, akalitazama kurasa kwa kurasa, na akauliza ni nani aliyeliandika.