Njia ya Mamboleo hadi Miwani: Rai Kuhusu Baiskeli na Kiswahili

Mwendesha baiskeli atokaye Kisumu mjini na kuelekea mashariki hupita Kondele, akafika Mamboleo, kisha akauambaa Uwanda wa Kano hadi Miwani, safu ya milima ya Nandi ikiwa imesimama kama ukuta mkono wake wa kushoto. Mamboleo na Miwani ni majina ya Kiswahili kitupu. Hili la pili halina uhusiano na miwani ya macho. Ni miwa iliyotiwa kiambishi cha mahali, nako ndiko kilikojengwa kiwanda cha sukari ambacho baadaye kilizama katika madeni. Mjini nako kuna Kaloleni, Shauri Moyo na Bandani. Yote haya yamo katika nchi ambamo lugha ya nyumbani ni Dholuo. Reli ilipofika ziwani mwaka 1901, na mashamba ya miwa yalipofuata, watu wa makabila mbalimbali walikutana kazini wakahitaji lugha ya kuelewana, na lugha hiyo ikaacha alama ardhini. Je, sisi tunaoisoma lugha hiyo hiyo darasani tumeacha alama gani nje ya maktaba?

Makala haya yanatoa rai moja tu: chama chetu kiandike, kwa Kiswahili, mwongozo wa njia za baiskeli za Kisumu na mwambao wa ziwa, na kiuandike kwa kuzipita njia zenyewe. Kisipofanya hivyo, mwongozo huo utaandikwa na wengine, na sote twajua utaandikwa kwa lugha gani.

Nasema hivyo kwa kuwa dalili zimekwisha kuonekana. Huko Ulaya na Marekani umeshamiri mchezo wa kuendesha baiskeli kwenye barabara zisizo na lami. Baiskeli yenyewe ina umbo la baiskeli ya mashindano, ila matairi yake ni mapana na hukamata ardhi iliyolegea. Nchini Ufaransa wapenzi wa mchezo huu huziacha barabara kuu na kujitosa katika vijia vya mashambani, hususan kwenye nyanda za juu za Massif Central, ambako mtu hupanda kilima na kushuka kijiji baada ya kijiji. Mashindano ya kwanza ya dunia ya aina hii yalifanyika mwaka 2022 huko Veneto, Italia. Kenya haikubaki nyuma. Tangu mwaka 2021, Maasai Mara imekuwa uwanja wa mashindano yajulikanayo kama Migration Gravel Race, na Mkenya Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya Amani, alikuwa amekwisha kujipatia jina katika mchezo huu alipofariki Agosti 2022 akishindana Vermont, Marekani. Aliyeijua Mara kwa baiskeli hatachelewa kuuliza habari za ziwa.

Akiuliza, ataambiwa nini? Uso wa ziwa uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Nandi Hills uko kwenye mita 2,000 hivi. Ukitoka mjini kwa barabara ya Kakamega, kilima cha Riat kinakudai pumzi kabla hujatoa jasho la kwanza. Ukifuata ziwa kuelekea magharibi, njia hugawanyika Kisian: mkono wa kulia hupanda hadi Maseno, ambako Ikweta hupita, na wa kushoto huelekea Bondo kupitia Seme, penye majabali ya Kit Mikayi, yaani jiwe la mke wa kwanza. Huko ndiko ninakokupenda mimi. Vijia vya udongo mwekundu huchomoza kila upande wa lami, vikapita kati ya maboma yenye ua wa mitupa na kuteremka hadi ufuoni penye mitumbwi na dagaa walioanikwa. Mwenye nguvu za kuongeza ataendelea hadi Luanda Kotieno, apakie baiskeli kwenye feri, ashukie Mbita, na kutoka hapo avuke hadi kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya. Kano ni habari nyingine kabisa. Kule ni tambarare, lakini udongo wake mweusi ukinyeshewa hung'ang'ania gurudumu hadi likakataa kuzunguka.

Hapa ndipo kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili inapoanza. Tuuiteje mchezo huu? Wapo watakaokimbilia kutohoa neno la Kiingereza na kulala usingizi. Lakini tuna changarawe, na tuna kokoto, na mambo haya mawili si mamoja: kokoto ni mawe yaliyopondwa kwa ajili ya ujenzi, ilhali changarawe ni vijiwe vidogo vilivyochanganyika na mchanga. Wakenya nao wana muramu, udongo mwekundu wenye vijiwe unaomwagwa barabarani na kushindiliwa, na sioni sababu ya kulionea haya neno hilo eti kwa kuwa halikuzaliwa Lamu. Mimi ningependekeza baiskeli ya changarawe, lakini ningetaka pendekezo hilo lijadiliwe na watu waliokwisha kuanguka katika changarawe angalau mara moja.

Fundi wa baiskeli aliyeketi chini ya mwembe hana shida ya istilahi kama tuliyo nayo sisi. Ana fremu, rimu, spoku, cheni, tyubu, karia na gololi. Husema cheni inaruka, breki hazishiki, tairi limekula upande mmoja. Naye mteja humwelewa, awe Mjaluo, Mluhya, Mkisii au Mhindi wa duka la vipuri. Huo ni Kiswahili cha kazi, kilichokamilika kwa mahitaji yake. Msamiati huu umo hatarini, na sababu yake inajulikana. Huduma ya bodaboda ilianza mpakani Busia, ambako waendesha baiskeli walivusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda, wakiwaita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka. Kufikia miaka ya 1990 baiskeli hizo zilikuwa zimetapakaa Kisumu: Black Mamba nzito, karia limeshonewa mto wa kukalia, kengele haikomi. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na katika muda mfupi pikipiki ikaitwaa kazi, ikalitwaa hata jina. Leo mtu akisema boda, hakuna anayefikiria baiskeli. Fundi anayezeeka na spoku zake hana mrithi, na maneno yake hayana mwandishi. Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tumeuacha mbachao hata kabla ya kuuona huo msala.

Najua pingamizi litakalotolewa, na ni zito. Patasemwa kwamba vijia vya Seme na Rusinga ni vya wenye Dholuo, na kwamba Kiswahili huko ni mgeni sawa na Kiingereza. Jibu langu nalichukua Ufaransa. Katika eneo la Brittany kuna mashindano ya baiskeli yaitwayo Tro Bro Léon, yaliyoanzishwa mwaka 1984 kwa nia ya kuzichangia shule za Diwan, zinazofundisha kwa Kibretoni, lugha ndogo iliyobanwa kwa muda mrefu na Kifaransa. Waendeshaji hupitishwa katika vijia vya mashambani vinavyoitwa kwa lugha hiyo ribin, kwa wingi ribinoù, na mshindani bora mwenyeji wa Brittany hutuzwa kitoto cha nguruwe. Mwandishi wa Kifaransa anayeripoti mashindano hayo huandika ribin, kwa sababu ndilo jina la kitu chenyewe. Lugha kubwa imeinama ikaokota neno la lugha ndogo.

Mwongozo ninaouwazia ufanye vivyo hivyo. Uandikwe kwa Kiswahili, lakini usiiite wath gati wala bandari, kwani wath ni ufuo wa wavuvi wenye desturi zake za kupokea mitumbwi na kuuza samaki. Got na ibaki got katika majina ya vilima, nam katika habari za ziwa, aora katika habari za mito, na kila neno lielezwe mara moja kisha litumiwe bila kuombewa radhi. Kiswahili kilichozoea kukopa kutoka Kiarabu, Kireno na Kihindi hakitapungukiwa kwa kukopa kutoka kwa jirani wa bara. Ikiwa Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, basi taifa hilo ni pamoja na mvuvi wa Dunga.

Gharama si kisingizio, maana kongamano moja la hotelini hula fedha nyingi kuliko baiskeli kadhaa za kukodi. Hatari nayo ipo, sikatai: malori ya miwa hayamsubiri mtu, na kandokando ya lami nyingi za nje ya mji hakuna mahali pa mwendesha baiskeli. Hiyo ni sababu ya kuchagua vijia, na pia ni jambo la kuandikwa katika mwongozo kwa maneno makali ili wenye mamlaka walisome.

UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, na tangu hapo siku hiyo tumeiadhimisha kwa hotuba na vikofia. Napendekeza mwaka ujao wanachama wakutane Kaloleni alfajiri, kabla jua la Kano halijakolea, kila mmoja na daftari mfukoni, na fundi mmoja mwenye pampu na viraka aalikwe kama mhadhiri wa siku hiyo, kwa malipo ya mhadhiri. Safari ya kwanza iwe ya Mamboleo hadi Miwani. Ni tambarare, hata maprofesa wataiweza.