Binti Asidurusu Peke Yake



Mama mmoja wa Makindu ameniletea suali ambalo najua limo katika nyumba nyingi. Bintiye amepata nafasi katika Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kule Kwa Vonza, Kitui, naye amekwisha kumuusia: nenda darasani, rudi chumbani, usichanganyike na watu. Je, amekosea?

Nia yake ni njema, lakini wasia wenyewe una hatari. Mama huyu anachelea marafiki wabaya, na ana haki. Ila binti ametoka skuli ya sekondari, ambako mwalimu alimfuata kwa daftari na kengele. Sasa atamkuta mhadhiri asiyemjua hata jina, atakayesomesha kisha aende zake. Asipofahamu, atamuuliza nani? Mtihani humkuta mtu wa namna hii mikono mitupu, na kwa haya huwaficha wazee wake mpaka mwaka umepotea na karo pamoja nao.

Sisi tuliosoma madrasa twaijua dawa yake. Baada ya darsa, wanafunzi hukaa wakafanya muraja'a: mmoja hueleza, wenziwe humsahihisha, na aliyedhani amefahamu huligundua pengo lake pale anapotakiwa kueleza. Nabii Musa, pamoja na utume wake, alimwomba Mola wake ampe nduguye Harun awe msaidizi.

Basi binti na atafute wenziwe watatu au wanne wa fani moja, mabanati kama yeye. Si sharti wote wawe Waislamu. Huko Makindu amekulia na majirani Wakristo bila ya dhara. Sharti ni adabu na bidii. Wakutane maktaba, mchana, mara mbili kwa wiki, kila mmoja akiwa amekwishasoma, kwani kikundi cha wasiosoma ni baraza la kahawa tu. Na ikiwa fani hiyo ina wavulana wengi, maktaba ni mahali pa wazi, si khalwa. Jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu ikiwapo, imtafutie dada wa mwaka wa pili. Huyo bado anakumbuka palipomkwaza.

Nawe mama, ukimpigia simu, usimuulize tu kama amekula na kama ameswali. Muulize wiki hii amewafunza nini wenziwe, na wao wamemfunza lipi.