Kutunza Wazee Si Kazi ya Watoto wa Shule

Katika Tanzania udhuru wa ada umekwisha. Tangu mwaka 2016 mtoto husoma katika shule ya serikali, tangu darasa la kwanza hata kidato cha nne, pasipo kulipa ada. Walakini sisi walimu wa vijijini, tukifungua daftari la mahudhurio, twakuta majina yale yale yamekosa alama Jumatatu, Jumanne na Jumatano, nayo aghalabu ni majina ya wasichana. Ukiuliza sababu waambiwa, "Anamwangalia bibi yake." Nao wanenao hivyo hawaoni haya, hudhani wametoa jibu jema, tena la heshima.

Nasema wazi kwamba jibu hili si jema. Kumtunza mzazi aliyezeeka ni wajibu wa wana aliowazaa, watu wazima wenye nguvu. Mtu amtwikaye binti yake kazi hiyo ili yeye apate nafasi, huyo hamheshimu mzazi wake. Ataka kumheshimu kwa mikono ya mwingine, tena mikono midogo.

Wengine watanijibu, "Sisi nasi tulilelewa hivyo, tulilala nyumbani kwa bibi, tukamtekea maji na kumwashia moto." Ni kweli, wala siyakatai hayo. Mjukuu kumtekea bibi maji jioni, kumshika mkono njiani na kusikiliza hadithi zake, ni malezi mema kwa wote wawili. Lakini bibi yule alikuwa akitembea na kula kwa mkono wake. Mimi nanena habari za mzee aliyepooza, au aliyepofuka, au aliyesahau hata majina ya wanawe.

Tazameni kazi yenyewe ilivyo. Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani yapasa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, kwani asipogeuzwa ngozi ya nyonga, ya visigino na ya mgongo wa chini huoza kwa kukandamizwa, na kidonda hicho chaweza kufika mfupani, hata kumwua. Yapasa aketishwe wima anapolishwa, maana chakula kikipotea njia kikaingia mapafuni huleta homa mbaya. Yapasa aoshwe na kukaushwa kila ajichafuapo, na kunyweshwa maji hata kama haombi. Je, msichana wa miaka kumi na mmoja ataweza kumwinua mtu mzima? Akimwangusha akamvunja nyonga, tutamlaumu nani?

Tena kuna wazee wanaopotewa na kumbukumbu, wakatoka usiku, wakawashutumu watu wa nyumbani kuwa wameibiwa. Huo ni ugonjwa wa ubongo. Daktari mmoja Mjerumani, Alois Alzheimer, aliueleza ugonjwa wa namna hiyo mwaka 1906, na hata leo dawa ya kuuponya haijapatikana. Mtoto akiachwa peke yake na mzee wa namna hii huingiwa na hofu, na hofu ya mtoto ikitoka nje huwa maneno ya uchawi vinywani mwa majirani. Nanyi mwajua maneno hayo yamewafikisha wapi wanawake wazee wengi wa nchi hii.

Sheria nayo haikunyamaza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumpa mtoto kazi iwezayo kudhuru afya yake au masomo yake. Wala haikusema kwamba kazi hiyo ikifanywa nyumbani kwa babu yake si kitu.

Sasa nawageukia ninyi ndugu mlio mjini. Mwatuma fedha kwa simu mwisho wa mwezi, nanyi mwaona mmemaliza. Ni vema kutuma fedha, lakini fedha haimgeuzi mtu kitandani. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi njoni mwinue kanda hilo juma moja tu, mwone uzito wake. Wako na wengine ambao sadaka yao kanisani ni kubwa, na mama yao hana shuka la pili. Hao na wasome habari za korbani katika Injili ya Marko, wajue Bwana aliwaambiaje watu wa namna yao.

Wala msidhani kwamba nimemtoa mtoto ili nimtwike mkazamwana peke yake. Yeye naye analima, anapika, ananyonyesha. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lililo bora ni hili. Ndugu wote, wa kiume na wa kike, wakutane, wahesabu kazi za siku moja, wagawanye zamu kwa majina. Asiyeweza kuja atoe fedha za kumwajiri mtu mzima, kwa mshahara uliopatanwa na kulipwa kwa siku yake. Wengine husema kuajiri mgeni ni aibu. Aibu gani? Mwamwajiri mchunga ng'ombe, wala hamwoni haya. Tena mwombeni mganga wa zahanati awafundishe kumgeuza na kumlisha mgonjwa, kwa kuwa upendo usio na maarifa waweza kuumiza. Makazi ya serikali, kama Nunge kule Kigamboni na Kolandoto mkoani Shinyanga, yamewekwa kwa wazee wasio na mtu; mzee mwenye wana sita si wa huko.

Mjukuu naye asiondolewe kwa bibi yake. Atokapo shuleni na amsomee barua, amsukie nywele, amletee maji ya kunywa. Lakini kengele ya asubuhi ikilia, mahali pake ni darasani, na mahali penu, enyi mliozaliwa na mama yule, ni kando ya kitanda chake.